Kitasa cha Mlango wa Abiria

Mlango wa abiria wa lori langu ulikuwa haufungi. Ukiusukuma ulikaa mahali pake vizuri, ungedhani ni mzima, lakini kitasa kilikuwa kimekufa. Mtu yeyote aliye nje angeweza kushika mkono wa mlango, kuvuta, kisha kupanda na kukaa kando yangu kama mke mwenzangu.

Nilimwambia meneja wetu wa usafiri Jumatatu moja asubuhi, pale kwenye yadi yetu Thika. Ni kijana mpole, shati lake limepigwa pasi siku zote, na huwa anasikiliza huku akitikisa kichwa hata kabla hujasema neno.

"Madam, hiyo nimeichukua," akasema.

"Umeichukua ukaipeleka wapi?"

"Nimeichukua, Madam. Niachie mimi."

Nikamwachia. Nikaenda Kampala, nikarudi, mlango ukiwa vilevile. Nikamwambia tena. Akatikisa kichwa kwa huruma zaidi.

Naendesha trela. Kutoka Thika hadi Kampala, na mzigo ukiwepo hadi Kigali, nabeba mafuta ya kupikia, sabuni, mara nyingine mananasi ya mikebe. Nyumbani ni Ruiru, kwa mume wangu na watoto wetu wawili. Kazi hii nimeifanya kwa muda mrefu kuliko nyingine yoyote, na swali ninaloulizwa kila mahali si kama mgongo unauma, wala kama foleni ya mpakani ilikuwa ndefu. Ninaulizwa, "Na huogopi?" Wanaume tunaoegesha nao hawaulizwi hivyo. Wao huulizwa wamebeba nini.

Halafu mwenzetu mmoja akaumizwa, na tangu siku hiyo watu hawakuniacha nipumue.

Alikuwa mzee Muislamu wa Majengo, hapo Thika, ambaye alikuwa barabarani tangu mimi nikiwa bado shuleni. Alikuwa akipanda mlima mchana kweupe, mwendo wa kutambaa, mzigo ukiwa mzito, akaona kwenye kioo vijana wamepanda nyuma na wanakata turubai. Alisimamisha gari. Alikuwa na bomba la chuma aliloliweka kando ya kiti kwa siku kama hiyo. Akashuka nalo. Vijana wakamnyang'anya lile bomba, wakamvunja nalo mkono.

Nilimtembelea nyumbani na mkate na sukari. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya mlango, mkono umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko, akinywa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa mkono wa kushoto na kuimwaga kidogo kila mara.

"Lile bomba nililinunua mwenyewe, binti yangu," aliniambia. "Nikalipaka rangi nyekundu mwenyewe, nisilipoteze. Nimevunjwa na mali yangu." Alianza kucheka, kisha akaacha kwa sababu ya maumivu.

"Sasa ungefanya nini?"

"Ningeendelea kuendesha! Turubai si langu. Sabuni si yangu. Mkono ndio wangu." Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma ashuke. "Hasira ilinishika. Mtu anakukatia turubai ukimwona hivihivi. Hasira tu."

Mimi nilirudi Ruiru nikiwa nimeelewa. Nilidhani kila aliyesikia habari ile angeelewa kama mimi. Badala yake wote walioisikia waliona kasoro moja tu, kwamba bomba lilikuwa dogo.

Mama yangu anaishi Ngoliba, kule chini kwenye joto, na mbuzi wake na shamba la ndengu. Habari ilimfikia kabla sijaipeleka mwenyewe. Nilipomtembelea Jumamosi, hata chai hakuipika kwanza. Aliingia ndani, akatoka na panga. Alikuwa amelinoa kwa tupa hadi likang'aa ukingoni, kisha akalifunga kwa gunia na kulizungushia kamba ya nailoni mafundo juu ya mafundo, lisinikate njiani.

"Weka kwa gari," akasema.

"Mami, nitalitumia vipi? Nimefunga mkanda, nimeshika usukani."

"Utaachilia."

"Niachilie usukani wa trela?"

"Mkono mmoja. Mkono mmoja si unatosha kuendesha?"

Nikaligeuza lile gunia. "Na haya mafundo je? Nimwambie mwizi angoje nifungue?"

"Baba yako," akasema, na nikajua nimeshindwa, kwa sababu baba alishakufa na hawezi kuulizwa, "baba yako alilala na panga chini ya kitanda maisha yake yote."

"Na aliwahi kulitumia?"

"Si hata hakuna aliyekuja!"

Nililibeba. Mtu hatoki kwa mama yake akiwa amekataa kitu alichokinoa usiku mzima. Nikalisukuma chini ya kitanda cha kebini, nyuma ya viti, pamoja na blanketi na mtungi wa maji.

Mume wangu ni mtu wa akili kuliko hivyo, au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Anauza mitungi ya gesi Ruiru, na kazi hiyo imemzoesha kufikiria hatari kwa utaratibu. Alikwenda Kahawa Wendani kupeleka mitungi kwenye hosteli za wanafunzi, akarudi na kopo dogo jeusi la dawa ya pilipili ya kupuliza. Aliuziwa na mwanafunzi.

"Hii unaweka kwa mfuko," akasema. "Mtu akikukaribia, unampulizia macho. Haiui mtu. Haimwagi damu. Ni kitu ya kisasa."

Kidogo nimshukuru. Kisha akaanza kuligeuzageuza kopo kwenye mwanga, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Na kama ni feki?" akauliza. "Nchi hii kila kitu kinaghushiwa. Siku utaihitaji utapuliza, itoke maji."

"Iache hivyo."

"Siwezi kukupa kitu sijapima."

Ilikuwa Jumapili jioni. Tunaishi ghorofa ya tatu, nyumba za kupanga, milango inatazamana kwenye veranda moja nyembamba. Aliingia bafuni, akafungua kidirisha kile cha juu, akanyoosha mkono, akabonyeza. Upepo ulikuwa unaingia, haukuwa unatoka.

Sijui niseme nini kuhusu dakika zilizofuata. Mume wangu alitoka bafuni akipapasa kuta. Mimi nilikohoa hadi nikashika magoti. Watoto walikimbilia ngazi, mmoja analia, mwingine anacheka huku analia. Jirani wa mlango wa pili alifungua akiwa na mwiko mkononi, akapaza sauti, "Ni nani huyo anakaanga pilipili bila kufungua dirisha?" Kisha naye akaanza kukohoa. Muda si muda ghorofa nzima ilikuwa ngazini, watu na khanga zao puani, mzee wa chini akiuliza kama ni polisi wametupa gesi.

Mume wangu aliketi kwenye ngazi, macho yamevimba, machozi yanamtiririka, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeridhika, "Iko sawa. Si feki."

"Imebaki?"

Akalitikisa kopo sikioni. "Kidogo."

Hicho kidogo nikakiweka chini ya kiti cha dereva.

Wiki hiyohiyo meneja aliniita, uso umejaa furaha. "Madam, kuhusu usalama wenu, kampuni imesikia."

Nakiri kwamba akilini niliona kitasa kipya kikiwa ndani ya boksi lake. Lakini kampuni ilikuwa imesikia jambo lingine. Ilikuwa imetuandalia siku nzima ya mafunzo ya kujikinga, ukumbini karibu na maporomoko ya Chania, pamoja na chakula cha mchana na fulana.

Mkufunzi alikuwa mtu mwema, sina neno baya juu yake. Alikuwa na mabega mapana na sauti nzito, na aliamini kila alichosema. Alitupanga wawiliwawili kwenye zulia. Madereva wote walijipanga haraka wao kwa wao, hakuna aliyetaka kushikana mikono na mama wa mtu mbele ya wenzake, hivyo nikabaki na meneja. Tulifundishwa mtu akikushika kifundo cha mkono unakizungusha hivi, unaingiza kiwiko vile. Meneja alinishika kama mtu anayeshika yai.

"Kwa nguvu, bwana!" mkufunzi akamwambia.

"Ni mama," meneja akajitetea.

Halafu tulifundishwa kupiga kelele. Sauti itoke tumboni, mkufunzi akasema, sauti ni silaha ya kwanza. Tukapiga kelele sote pamoja, madereva wazima wenye vitambi na fulana mpya, na watu waliokuja kuona maporomoko wakasimama dirishani kututazama badala ya kutazama maji.

Mwisho akauliza kama kuna maswali. Nikainua mkono.

"Mimi niko kwenye usukani, nimefunga mkanda. Mlango wa upande ule haufungi. Mtu anafungua, anaingia. Ninazungusha mkono gani?"

Alifikiri kwa makini. "Ulio karibu naye," akasema.

Wenzangu wakacheka. Meneja akaandika kitu kwenye simu yake, akatikisa kichwa. Kisha tukaitwa kwenda kula kuku, tukapigwa picha.

Nilisafiri mara kadhaa baada ya hapo bila jambo lolote. Nilipita sehemu zote ambazo watu hunitajia wakishusha sauti, ile milima, vile vituo vya malori, foleni za mpakani ambako unaweza kulala siku mbili. Niliupitisha mkanda wa kiti cha abiria kwenye mkono wa mlango kwa ndani na kuufunga, lakini ulikuwa ukilegea kila barabara ilipokuwa mbaya, na nikachoka kuukaza. Hakuna aliyenigusa.

Balaa liliponipata nilikuwa Ruiru. Nilikuwa nimetoka Thika, hata nusu saa haijaisha. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, barabara ya bypass imekatwa karibu na Kamakis kwa sababu ya ujenzi, na magari yamebanana, unasogea urefu wa gari moja na kusimama. Ukuta wa shule ya mtoto wangu wa pili ningeweza kuuona kama ningesimama juu ya kiti. Wachuuzi walikuwa wakipita katikati ya magari na maji, ndizi, na njugu. Nilikuwa nawaza kama nimezima gesi nyumbani.

Mlango wa abiria ukafunguka. Kijana akapanda, akaketi, akaufunga mlango nyuma yake vizuri kabisa. Alikuwa msafi. Kofia, begi dogo mgongoni, ungedhani anaenda chuoni. Mkononi alikuwa na bisibisi, ameielekeza chini, kando ya goti lake, asionekane na watu wa nje.

"Niaje, mathe," akanisalimu kwa upole. "Tulia tu. Nipe simu."

Panga lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya gunia, chini ya mafundo ya mama. Kopo la pilipili lilikuwa limebingirika mahali fulani chini ya kiti, nililisikia likigonga kila niliposhika breki. Mkono ulio karibu naye ulikuwa kwenye gia. Mguu wangu ulikuwa kwenye klachi, na mbele yangu, karibu kabisa na bampa, palikuwa na gari dogo lenye mtoto mchanga kiti cha nyuma, nilikuwa nimemtazama muda wote akinyonya kidole. Kama mguu ungeteleza, yule mtoto ndiye angepata shida.

Nikapiga kelele. Sijui kama ilitoka tumboni. Kilichotoka ni kile tunachowaambia mbuzi wa mama wakiingia kwenye ndengu. "Shaa! Toka! Tokaa!"

Kijana aliduwaa. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye matatizo. Kisha akainua ile bisibisi kidogo, inchi chache tu, na nikaona plasta ya yule mzee wa Majengo, na strungi ikimwagika.

Nikaichomoa simu kwenye kishikio chake, nikamnyooshea. "Chukua. Shuka."

Akachukua. Akachukua na jaketi langu lililokuwa kwenye kiti. Akatazama chombo changu cha chakula, akafunua kifuniko, akaona ni chapati na ndengu, akakichukua pia. "Asante, mathe," akasema. Akashuka. Hakukimbia hata. Alitembea katikati ya magari akiwa amevaa jaketi langu, kwenye jua lile.

Muuza njugu alikuwa amesimama pale chini, ameona kila kitu. Akaja dirishani kwangu.

"Auntie, huyo jamaa amekuibia?"

"Ndiyo!"

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Si ungefunga mlango?"

Kama panga lingekuwa karibu siku ile, nahofia muuza njugu ndiye angekuwa matatani.

Magari yalisogea, nami nikasogea nayo, kwa kuwa huwezi kuacha trela katikati ya barabara ukaanza kutetemeka. Nilipata nafasi kwenye kituo cha mafuta, nikaegesha, nikazima injini. Hapo ndipo mguu wangu ulianza kupiga klachi wenyewe, tak, tak, tak, na sikuweza kuuzuia. Nililia kidogo. Kisha nikakasirika kwamba nimelia, kwa sababu nilijua nani wataniambia pole na nini wataniambia baada ya pole.

Simu ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo ilibidi niandikishe taarifa polisi. Afisa aliyenihudumia alikuwa mtu mzima, mtulivu, akaniuliza maswali ya maana. Kisha akataka kuona gari. Akapanda, akachungulia nyuma ya viti, akavuta gunia.

"Mama, hii ni nini?"

"Panga, afande."

"Ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Yuko wapi?"

"Ngoliba."

Akalipima uzito mkononi bila kulifungua. "Mama yako ako Ngoliba, panga iko Ruiru. Na wewe unaenda Kampala." Akaniangalia. "Sasa umekuja kuripoti silaha ama umekuja kuripoti wizi?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, mama, baba, kitanda, hadi akainua mkono ninyamaze.

"Sikiliza," akasema. "Ungemkata huyo kijana mchana, barabarani, mbele ya watu, na yeye ana bisibisi tu, sasa hivi ungekuwa umeketi mbele ya meza yangu kama mshukiwa. Na hapo ni kama hangekunyang'anya hii panga akukate nayo. Rudisha hii kitu shambani ikate nyasi."

"Sawa, afande."

Alishuka upande wa abiria. Akafunga mlango. Akaufungua. Akaufunga, akaufungua tena, akaufunga.

"Hii mlango haifungi," akasema.

"Afande, najua."

Niliazima simu nikampigia meneja. Alinipa pole ya kweli, ya moyoni. Halafu akauliza, "Na yale mafunzo, Madam, hayakusaidia?" Nikamrudishia mwenye simu simu yake.

Mama alisikia kabla ya jua kutua. "Na panga ilikuwa wapi?" aliuliza, kwa uchungu, kana kwamba panga ndilo lililoibiwa. Nilimwambia polisi wamesema ni kosa kutembea nalo. Akasema polisi hao hawana mama.

Mume wangu alijaribu. Alinipikia, alinichemshia maji ya kuoga, akawatuma watoto kwa jirani. Kisha wakati nanywa chai nikaona midomo yake inatafuta namna ya kusema.

"Usiulize," nikamwambia.

"Sijauliza."

"Kopo lilikuwa chini ya kiti. Na hata lingekuwa mkononi, ningepuliza ndani ya kebini, vioo vimefungwa nusu, halafu niendeshe nikiwa kipofu na trela nyuma? Wewe ulikuwa bafuni tu na ulishindwa kupata mlango."

Alicheka, nami nikakaribia kucheka. Kisha akasema, akiangalia kikombe chake, "Ukienda, mimi hukaa nikiangalia kwa simu kile kitone cha ramani kinachonionyesha uliko. Kikisimama mahali sipajui, siwezi kuuza hata mtungi mmoja. Nilitaka tu kufanya kitu."

Nilimwelewa, na bado nilikuwa na hasira. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu bila kugombana. Nilichoka kubebeshwa woga wa watu wote walionipenda, kila mmoja na chombo chake, na mimi ndiye nitafute mahali pa kuuweka ndani ya kebini. Kitu kimoja nilichokiomba mwenyewe hakuna aliyekisikia. Labda kwa sababu hakikuwa na ushujaa wowote. Mlango unaofungwa hauna hadithi.

Asubuhi nilikwenda yadi, nikaweka ufunguo wa lori juu ya meza ya meneja.

"Nitaendesha mlango ukifunga," nikasema.

"Madam, mzigo unangojewa Kampala."

"Ungojewe."

"Tayari nilishaongea na watu wa ununuzi. Ni utaratibu tu."

"Sawa. Nitakaa nje nikingoja utaratibu."

Nikaenda kuketi kwenye benchi lililo nje ya ofisi yake. Sikuwa nimepanga mgomo. Sikuwa na bango wala hotuba. Nilikuwa nimechoka, na lile benchi lilikuwa kwenye kivuli. Meneja akamwita dereva mwingine achukue gari langu. Yule dereva akaja, akasikiliza, akatazama viatu vyake, akasema na yeye taa yake ya breki haiwaki, na kama ni siku ya kungoja basi yeye pia angengoja. Akaketi. Akaja mwingine kuuliza kwa nini tumeketi, naye akakumbuka jambo.

Yule mzee wa Majengo alitokea karibu na saa sita, amekuja kutafuta sahihi kwenye karatasi zake za hospitali. Alitukuta tumejipanga.

"Mnangoja nini?"

"Kitasa," nikasema.

Alinitazama, akaitazama ofisi, kisha akajisogeza taratibu akaketi, ule mkono wa plasta amenilazia kidogo begani kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa. Meneja alichungulia dirishani, akamwona mzee, akarudi ndani. Tulimsikia akipiga simu. Sauti yake haikuwa ya upole kama kawaida, na nadhani kwa mara ya kwanza ilikuwa upande wetu.

Fundi alikuja baada ya chakula cha mchana, na mfuko wa vyombo na redio ndogo. Alifungua paneli ya mlango, akaingiza mkono, akachokonoa. Chai yetu ilikuwa haijapoa alipomaliza.

"Ni springi tu ilikuwa imekatika," akasema, akanionyesha kipande kidogo cha waya kilichojikunja, chenye kutu, kisichozidi ukucha.

Nilikichukua nikakitazama. Nilidhani ningefurahi. Nilihisi tu kama mtu aliyesukuma gari kutwa nzima kisha akaambiwa halikuwa limeondolewa breki ya mkono. Meneja alisimama kando yangu, akakitazama naye, kisha akainamisha uso kwa aibu. "Pole, Madam," akasema. Hakutikisa kichwa.

Niliondoka kesho yake. Siku hizi sitembei na silaha yoyote. Naendesha mchana, naegesha palipo na mlinzi na watu wanaopika, naficha simu isionekane, na mtu akikata turubai nitaendelea kwenda hadi nifike palipo na watu. Nikiwaambia hivyo wanaouliza kama siogopi, huwa wananitazama wakingoja niendelee. Nadhani wangependa niseme nimejifunza karate. Mama amekasirika kidogo, mume wangu ameanza kusoma habari za kamera.

Ila sasa nimepata shida mpya. Madereva wameamua kwamba meneja ananisikia mimi. Kila siku simu yangu inalia. Kiti cha mtu kimevunjika, mkanda wa mwingine haukazi, honi ya mwingine inalia yenyewe. Nawaambia mimi si mwenyekiti wa chochote, nenda kamwambie mwenyewe, ofisi iko wazi. Wanasema sawa, mama, halafu wanaendelea kunieleza.

Juzi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, ni siku yangu ya kupumzika, akanipigia kijana mmoja aliyeandikwa kazi hivi karibuni. Kioo chake cha pembeni kimepasuka, anasema, akitazama nyuma anaona magari mawili badala ya moja, na kesho amepangiwa Kigali.

Nilimwambia sitaki kusikia. Nilimwambia nina watoto wa kulisha na vitunguu vinaungua. Hakukata simu, nikasikia anapumua tu, mtoto wa watu.

Nikazima gesi.

"Kioo cha upande gani?" nikamuuliza.